Mlango wa Oveni Ukikataa Kufunga

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vikundi vya waokaji wa nyumbani. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.



Nimeombwa niongee kwa dakika chache, na kwa sababu wengi mlio hapa mnaoka keki na mikate nyumbani na kuuza, leo sitaongea kuhusu bajeti. Nitaongea kuhusu mlango wa oveni. Najua kuna anayejiuliza serikali ya kaunti inahusika vipi na mlango wa oveni ya mtu. Inahusika kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuzima moto, na jiko ni mahali ambapo moto huwashwa kila siku.

Tuanze na hasara. Hewa moto hupanda juu. Kwa hiyo mlango ukiacha mwanya, hata mdogo, joto hutokea kwa juu na kupiga vile vitufe vya kuwashia. Ukiona vitufe vimeanza kulainika au kubadilika rangi, usilaumu vitufe, angalia mlango. Huku ndani, kifaa cha kupima joto kinaona oveni bado haijafikia nyuzi 180 ulizotaka, kwa hiyo moto unaendelea kuwaka kwa nguvu. Gesi inaisha haraka, keki inaungua upande wa nyuma na kubaki nyeupe upande wa mlangoni. Ile oda ya harusi inakuwa ya kula nyumbani.

Lakini hasara siyo jambo lililonileta hapa. Lililonileta ni dawa tunazozitumia. Kuna anayeegemeza kiti, kuna anayefunga mlango kwa waya, na kuna anayekunja kitambaa na kukibana kwenye mwanya. Kitambaa kinaweza kushika moto. Kiti kinaweza kusukumwa na mtoto, na mlango wenye kioo cha moto ukamwangukia. Waya nao una ubaya wake: hauzibi mwanya, na siku keki ikianza kufuka moshi utahangaika kuufungua mikono ikiungua.

Hapo nieleze kitu ambacho kila mwokaji anapaswa kukijua. Mafuta yakishika moto ndani ya oveni, hufungui mlango. Unazima gesi au stima, unauacha mlango umefungwa, na moto unakufa kwa kukosa hewa. Mlango ndio kizima moto chako cha kwanza. Sasa kama haufungi, umebaki na nini?

Habari njema ni kwamba mara nyingi tatizo ni dogo na unaweza kulitambua mwenyewe. Kwanza oveni iwe imepoa kabisa. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, usitosheke na kitufe. Ya stima, chomoa plagi. Kama imeunganishwa moja kwa moja ukutani, zima swichi yake.

Kisha angalia trei. Msicheke. Trei iliyo pana kidogo, au wavu ambao haukusukumwa hadi mwisho, ndio unaosukuma mlango kutoka ndani. Toa kila kitu, ufunge mlango oveni ikiwa tupu. Ukifunga vizuri, umemaliza kazi na hujamlipa mtu.

Kama bado haufungi, pangusa ukingo wote. Sukari iliyoungua na mafuta yaliyoganda huwa magumu kama jiwe, na tone moja karibu na bawaba linatosha kuuzuia mlango. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa. Steelwool usiitumie kwenye kioo wala kwenye mpira. Kioo chenye mikwaruzo hupungua nguvu, na kinaweza kupasuka kikipata joto.

Sasa mpira wenyewe, ule unaozunguka mdomo wa oveni. Kuna kipimo rahisi: chukua kipande cha karatasi, kiweke ukingoni, funga mlango juu yake, halafu kivute. Kikikaza, hapo pako sawa. Kikiteleza bila kushikwa, hapo joto linatoka. Zunguka mlango mzima hivyo, pembe kwa pembe, oveni ikiwa baridi. Mpira uliochomoka kwenye vishikizo vyake unaurudisha kwa vidole. Uliokauka na kupasuka unanunua mwingine. Tafadhali usiubandike kwa gundi ya kawaida wala ile silikoni ya madirisha. Hazikutengenezwa kuvumilia joto hilo, na moshi wake utaingia kwenye mkate wa watu.

Mpira ukiwa mzima, hamia kwenye bawaba. Oveni nyingi tulizo nazo hazina komeo lolote. Mlango unashikwa na springi zilizo ndani ya bawaba mbili za chini. Ufungue mlango wote uangalie: kwenye kila bawaba ya aina hii mara nyingi kuna kikulabu kidogo cha chuma, ambacho huinuliwa mlango unapotolewa ili usafishwe. Mtu akisafisha kisha asahau kukirudisha, mlango unakwama njiani au unakaa upande. Hakikisha viwili hivyo vimelala sawasawa. Kama springi imelegea au bawaba imepinda, sehemu hiyo ni ya kubadilishwa, na ni vizuri kubadilisha zote mbili pamoja. Usiichezee bawaba mlango ukiwa umetolewa. Springi yake ina nguvu ya kuvunja kidole, na mlango wenyewe ni mzito.

Majiko mengine, hasa ya zamani, yana komeo dogo juu ya mlango au pembeni. Huwa ni kigurudumu au ulimi unaoingia kwenye tundu. Hapo ugonjwa mkubwa ni skrubu. Joto la kila siku huzilegeza, komeo linashuka milimita chache, na ulimi hauoni tundu. Legeza skrubu kidogo, sogeza komeo hadi vikutane, kaza. Bisibisi moja inatosha. Ukienda kununua jipya, beba namba ya modeli, ambayo kwa kawaida iko kwenye kibandiko ukingoni mwa mlango au nyuma ya jiko. Ukienda dukani na maneno matupu, utauziwa linalofanana.

Kuna zile za kisasa zinazojisafisha zenyewe kwa joto la karibu nyuzi 500. Hizo zina komeo la mota linalojifunga wakati wa usafi, na halifunguki mpaka oveni ipoe. Stima ikipotea katikati, na hapa kwetu hupotea, mlango unabaki umefungwa na mtu anaanza kuvuta. Usivute, utavunja ulimi wa komeo. Subiri ipoe, hata kama ni saa moja au mbili. Stima ikirudi, zima ukutani kwa dakika chache, kisha washa. Mara nyingi mota inajirudisha yenyewe. Ukiona alama ya kufuli kwenye kioo cha saa, huenda ni kizuizi cha watoto tu, na kwenye modeli nyingi hutoka kwa kubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa. Hayo yote yakishindikana, ita fundi. Usikubali fundi anayesema ataunganisha waya ili oveni isahau kama ina komeo.

Mama mmoja ameniuliza hapo nje kama haya yote yanafaa kwa maikrowevu. Hapana. Komeo la maikrowevu likiharibika, ichomoe na usiitumie tena hadi itengenezwe na anayeijua kazi hiyo. Komeo lile ndilo linalozima mawimbi mlango unapofunguliwa. Na usifungue bati lake nyumbani, kwa sababu ndani kuna kifaa kinachohifadhi maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa. Wapo mafundi hodari wa redio ambao hawalijui hilo.

Mambo mawili ya gesi kabla sijakaa. Unapowasha oveni ya gesi, mlango uwe wazi kabisa, usije ukafungia gesi ndani kabla ya moto kushika. Na grili za gesi za majiko mengine hutakiwa kutumiwa mlango ukiwa wazi, kwa hiyo soma kitabu chake kabla ya kudhani mlango una kasoro.

Kuhusu mafundi, fundi wa jua kali anaweza kukaza komeo na kubadilisha bawaba vizuri sana, na hela ibaki mtaani. Kazi ikigusa nyaya za ukutani, muulize leseni ya EPRA. Jiko likiwa jipya, usilifungue kabisa. Rudi dukani na risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ukilifungua mwenyewe unampa muuzaji sababu ya kukataa dhamana. Moto ukizidi nguvu zako, toka na watoto, kisha piga 999 au 112.

Sasa tuchukue maswali. Walio na picha za bawaba zao kwenye simu waje huku upande wa dirisha, kuna mwanga.