Mwenye Swali ni Nani? Mwanafunzi wa Uhandisi na Mradi wa Ugenini



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie pampu na mitambo ya maji, kazi inayonipa ugali. Nimebadili mada, na wa kulaumiwa ni mwenzangu mmoja wa sayansi za jamii. Tulikuwa kikaoni tukijadili kama tuendelee kupokea wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kutoka ng'ambo kufanya miradi vijijini kwetu. Yeye hakuomba nafasi ya kusema. Aligawa nakala za hotuba ya Ivan Illich ya mwaka 1968, akaketi. Wajumbe wakasoma, wakainamisha vichwa, na ajenda ikaahirishwa. Nimeona hoja nyingi zikishinda vikaoni, lakini sijapata kuona hoja ikishinda kwa kudurufiwa.

Hotuba yenyewe wengi mnaijua. Illich, padre mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Meksiko, alisimama mbele ya vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea huko, akawaambia wabaki kwao. Hawajui lugha, hawajui maisha ya watu, na mwanakijiji hana ubavu wa kuwaambia hapana. Ni hotuba kali, na sehemu kubwa yake ni kweli. Kosa la mwenzangu ni kuisoma nusu. Illich alimalizia kwa kuwakubalia vijana wale waje kutazama, waje kusoma, hata wapande milima. Alichokataza ni kuja kusaidia. Sasa niambieni: mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu, ambaye bado anakokotoa mkunjo wa boriti kwa kuchungulia daftari la jirani, anaweza kumsaidia nani? Yeye ni mwanafunzi. Aje asome. Mlango ambao Illich aliuacha wazi ni huo huo tunaotaka kuupitia, na mwenzangu ameufunga kwa jina la aliyeuacha wazi.

Twende Venice. Hakuna aliyetarajia niipeleke huko hoja ya mwenzangu kuhusu kijiji cha Afrika, lakini ndiko inakovunjika. Worcester Polytechnic Institute, chuo cha Massachusetts, kilipitisha mwaka 1970 mtaala unaomtaka mwanafunzi afanye mradi unaogusa teknolojia na jamii kwa pamoja, nje ya fani yake. Kituo cha kwanza cha mbali kilifunguliwa Washington mwaka 1974. Leo viko zaidi ya 50, Bangkok na Windhoek vikiwamo. Utaratibu wake ni huu: kikundi kidogo, wiki saba za maandalizi chuoni, wiki saba ugenini, na mwenyeji anayeleta tatizo. Kituo cha Venice kilianza mwaka 1988. Wanafunzi walisimama kwenye magati wakihesabu mashua za mizigo, moja baada ya nyingine: imebeba nini, imeshusha wapi, imerudi na nini. Wakakuta kila mashua inabeba aina moja ya bidhaa na kuzunguka nayo mji mzima, ya vinywaji peke yake, ya mboga peke yake, zote zikipishana kwenye mifereji ile ile na mawimbi yao yakipiga kuta za nyumba. Pendekezo likawa kupanga mizigo kwa mahali inapokwenda badala ya aina yake.

Je, kuna aliyeandika kwamba vijana wale walikwenda Venice kuokoa maskini? Au kwamba wiki saba zao zilikuwa utalii? Hakuna. Lakini kikundi hicho hicho kikihesabu ndoo kwenye bomba la Dodoma, tunakimbilia kudurufu Illich. Mwenzangu atajibu kwamba Venice inaweza kumwambia mgeni hapana, na kijiji hakiwezi. Hapo anakaribia ukweli kuliko alivyokaribia kwa zile nakala. Kumbe tatizo haliko kwa mgeni. Liko kwa anayetunga swali. Na sisi tuna mkutano mkuu wa kijiji, unaotambuliwa na sheria, ambao mara nyingi huitwa kushukuru mradi wakati ungepaswa kuitwa kuuagiza.

Wapo wanaosema wiki chache za ugenini ni utalii tu; kuhusu urefu wa muda nitasema kidogo. Wanafunzi wetu huenda mafunzo ya vitendo viwandani kwa wiki nane, na sijasikia mtu akiwaita watalii. Ama wiki chache zinatosha kumfunza mtu jambo, ama tufute mafunzo hayo kesho asubuhi.

Sasa mniwie radhi, maana kuna kifaa ninachokipenda kupita kiasi. Mwaka 2005 Amos Winter, aliyekuwa akisoma uhandisi mitambo katika chuo cha MIT, Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya viti mwendo. Alikuta mambo mawili ambayo kila mmoja wetu ameyaona akayapita. Kiti cha kawaida kinakwama kwenye mchanga na mawe. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono inakwenda mbali, lakini haiingii mlangoni. Kilichozaliwa baadaye ni kiti chenye nyenzo mbili ndefu, mmoja kila upande, zinazosukuma mnyororo wa baiskeli. Angalieni ujanja wake, kwa sababu hamtauona kwenye vitabu vya giya. Hakuna giya ya kubadilisha. Giya ni mkono. Ukishika wenzo juu, karibu na ncha, unapata nguvu ya kupanda kilima. Ukiteremsha mkono chini, unapata kasi kwenye tambarare. Ukizivuta nyenzo nyuma, zinafunga breki. Ukifika nyumbani, unazichomoa na kubaki na kiti cha kusukuma kwa magurudumu. Na mnyororo ukikatika, kila fundi baiskeli anao.

Kielelezo cha kwanza kilipojaribiwa Afrika Mashariki, watumiaji walikisema vibaya: kizito, kipana, ndani ya nyumba hakigeuki. Kilichofuata kikapunguzwa uzito na upana. Aliyesahihisha hesabu za MIT ni mtu anayejua upana wa mlango wake mwenyewe. Hiyo kwangu ndiyo maana ya mradi wa ugenini, na mwenye mashaka aanzie hapo.

Najua si miradi yote iliyokwenda hivyo. Yapo matangi yaliyopasuka na pampu zilizokufa mwezi mmoja baada ya ndege kuondoka. Wahandisi Wasio na Mipaka wa Kanada walianza kuchapisha ripoti za kushindwa kwao mwaka 2008, na nawaheshimu kwa hilo. Nimewahi kupokea hapa ripoti nzuri ya kikundi cha wageni, iliyopigwa chapa ya rangi, iliyowashukuru "wanajamii", wakati fundi mchomeleaji aliyebadilisha fremu yao nzima kwa chaki sakafuni hakutajwa kwa jina. Nilimpelekea nakala. Aliitazama picha ya fremu, akauliza kwa nini pembe ile wameichora vibaya.

Hata hivyo, msimamo wangu juu ya mambo haya sikuupata kwenye kiti wala Venice. Nikiwa mwaka wa tatu nilipelekwa Ujerumani, kwenye karakana ya kukarabati pampu. Msimamizi alikuwa mzee aliyesikiliza beringi kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Siku moja alitupa shafti iliyolika mahali pa sili. Nikashangaa. Kwetu shafti ile ingejazwa kwa kuchomelea, ikachongwa upya kwenye mashine ya kereza, ikarudi kazini. Nikamwambia. Hakukasirika; alichukua kipande cha karatasi, akaandika saa za fundi, mshahara wa saa moja, kisha bei ya shafti mpya. Shafti mpya ilikuwa rahisi. Niliizungusha karatasi ile kichwani kwa miezi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kukarabati ni uhandisi bora na kutupa ni ubadhirifu, kumbe ndani ya kila uamuzi wa kiufundi kuna bei ya jasho la mtu, na bei hiyo huioni ukiwa kwenu kwa sababu umezaliwa ndani yake.

Hakuna aliyeniuliza kama niliwasaidia Wajerumani.

Kwa hiyo nang'ang'ania jambo moja, na najua wahasibu wetu watanipinga, na wana sababu: nauli ni ghali, viza ni mtihani, na wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA takriban vijana 200 wa Tanzania na Zambia walikwenda Beijing kusomea reli kwa sababu serikali tatu zilitaka. Leo hakuna anayetaka hivyo kwa ajili yetu. Hata nikiyapima yote hayo, nasema wanafunzi wetu waende, tena na miradi, tena wakiwa bado hawajahitimu, kabla cheo hakijawaziba masikio. Kila chuo kinacholeta kikundi hapa kipokee kikundi chetu, la sivyo tusitie saini.

Ninao mfano mkononi. Mji Mkongwe wa Zanzibar una vichochoro ambavyo gari halipiti. Bidhaa zinaingia kwa mikokoteni na mabega ya wachukuzi. Wanafunzi wetu wakajifunze Venice namna ya kuhesabu mizigo, kisha warudi wahesabu kwenye soko la Darajani. Nilitaka kuandika pendekezo hilo wiki iliyopita, nikaacha. Wafanyabiashara wa Darajani hawajasema kwamba mizigo ndiyo shida yao. Huenda ni kodi ya fremu, huenda ni maji ya mvua. Nimeomba kuonana nao Jumatatu, na nitakwenda bila karatasi.