Kuandaa Ua na Bustani Kabla ya Masika



Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mwenye nyumba anayengoja mawingu ndipo aanze kazi huwa amekwisha kuchelewa. Leo tuko mwishoni mwa Februari, na masika ya pwani yetu huanza Machi hadi Mei. Siku hizi chache za jua tuzitumie uani.

Nilipokuwa kidato cha pili, tawi la mwembe wetu liliukata waya wa umeme usiku wa mvua, nao ukaangukia banda la kuku. Baba alitoka na panga akitaka kuliondoa tawi. Mama akamshika mkono na kumsihi angoje mafundi. Asubuhi, kuku tuliowakuta wamekufa walitueleza kilichokuwa kikimngoja baba.

Funzo nililolipata ni hili: uani mna kazi zetu na mna kazi za mtoa huduma. Kwa kawaida mpaka wake ni mita. Waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita ni wa shirika la umeme. Nyaya zilizo baada ya mita ni zako. Vivyo hivyo kwa maji: bomba linalovuja kabla ya mita ni la mamlaka ya maji, likivuja baada ya mita, bili ni yako.

Kwa hiyo, matawi yanayokaribia waya usiyakate mwenyewe. Toa taarifa sasa. Waya ukianguka, uhesabu kuwa una umeme, wazuie watoto na mifugo, na kaa mbali nao. Lakini taa ya nje, swichi ya pampu na waya uliopitishwa juu ya bustani ni wajibu wako. Mwite fundi mwenye leseni avikague kabla havijalowa.

Pili, tazameni paa. Milimita 20 za mvua juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 1,000 za maji, ingawa kiasi hupotea njiani. Hiyo ni neema kwa anayenunua maji kwa ndoo. Safisha mifereji ya paa, osha tangi, lifunike, na uweke wavu kwenye mdomo wake. Mvua za kwanza ziache zipite, kwa kuwa huosha vumbi na vinyesi vya ndege. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Tatu, shimo la maji taka. Likiwa limejaa, liite gari la kunyonya sasa, wakati njia zinapitika. Wapo wanaolifungulia wakati wa mvua kwa kudhani maji yatauficha uchafu. Uchafu huo huingia katika kisima cha jirani, na kipindupindu hakiulizi nani aliyelifungua shimo. Kitendo hicho pia ni kosa kisheria.

Nne, bustani. Inua matuta ya mboga, tandaza nyasi kavu ili udongo usichukuliwe na maji, na uchimbe mfereji utakaoyapeleka kwenye mtaro, si kwenye ukuta wa jirani. Ondoa makopo, vifuu na matairi. Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana katika maji kidogo kama hayo. Yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Basi chombo chochote cha nje kimwagwe kila wiki.

Je, ukitoa taarifa usisikilizwe? Unapopiga simu, omba namba ya taarifa, andika tarehe na saa, na piga picha ukiwa mbali. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Usiporidhika, yalete kwetu pamoja na kumbukumbu hizo. Malalamiko yenye namba na tarehe hufuatiliwa kwa urahisi kuliko maneno matupu.

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, zungukeni uani mwenu mara moja, mkitazama juu kwenye nyaya, kisha chini kwenye mitaro.