Simu Ikiganda Safarini, Kazi ya Wanakijiji Isipotee

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika kikao cha robo mwaka cha wawezeshaji wa vijiji. Imefupishwa kidogo.)

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Matumizi ya simu janja kazini". Naomba niizungumzie upande mmoja tu, ule ulionipata mimi mwenyewe, yaani simu inapoganda ukiwa njiani.

Nianze kwa kuungama. Mwezi Septemba mwaka jana nilitoka Singida mjini kwenda kuandikisha kaya za mradi wa mbuzi katika vijiji viwili vya Wilaya ya Mkalama. Nilishuka basi pale Iguguno, nikachukua bodaboda kuelekea Nduguti na mbele zaidi. Kwa siku mbili niliandikisha kaya 63, zote kwenye fomu za ndani ya simu. Mtandao ulikuwa hafifu, nikasema moyoni kwamba nitazituma nikifika mjini. Kwenye karatasi sikuandika hata jina moja, kwa sababu niliamini zama za karatasi zimekwisha.

Wakati wa kurudi, jua la saa nane mchana, simu ilikuwa mfuko wa shati huku ikichajiwa na pawabenki. Ikaganda. Kioo kilionyesha fomu ya mwisho lakini hakikusikia kidole. Nauli yangu ilikuwa kwenye simu, na namba za watu wote zilikuwa humo humo. Kijana wa bodaboda alinihurumia akanikopesha nauli ya basi. Hebu fikirini, mratibu mzima wa miradi!

Nilipofika stendi nilimpa fundi. Akaniuliza, "Mzee, humu kuna vitu vya muhimu?" Nami kwa haraka nikamjibu, "Kijana wangu, we fanya iwake tu." Kweli iliwaka, ikiwa tupu kama siku ilipotoka dukani. Fundi alikuwa ameirudisha katika hali ya kiwandani. Simlaumu, kwa sababu aliniuliza na mimi ndiye niliyejibu vibaya.

Wiki iliyofuata nilirudi kijijini kuomba radhi na kuandika upya. Mama mmoja mjane, ambaye mara ya kwanza alitembea tangu alfajiri ili aandikwe, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani daftari lako limeliwa na mchwa?" Watu wakacheka, mimi sikuweza kucheka. Safari hiyo tulizipata kaya 57. Wenye kaya 6 walikuwa wamekwenda vibarua mbali, na orodha ilipofungwa hawakuwemo. Walikosa mbuzi wa awamu ya kwanza kwa sababu ya simu yangu. Hilo ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu leo.

KWA NINI SIMU HUGANDA

Tumezoea kusema simu ina mkosi. Mara nyingi si mkosi, ni sababu ambazo mtu angeweza kuziona kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwanza ni nafasi kujaa. Simu inahitaji nafasi tupu ili ifanye kazi. Sisi tuko kwenye makundi ya kwaya, ya ukoo, ya harusi na ya misiba, na kila video inayotumwa inajishusha yenyewe na kukaa. Simu yangu ilikuwa imejaa kabisa, nami sikuwa nimeangalia kwa miezi.

Pili ni joto. Simu ikipata joto kali hupunguza kasi au hujizima ili isiungue. Jua la mchana, kava nene na kuchaji wakati huo huo, vyote vikikutana, simu haiwezi kupumua.

Tatu ni betri iliyochoka. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake hupunguza kasi ya iPhone zenye betri kuukuu ili zisizimike ghafla. Basi ukiona simu yako inazimika ikiwa bado inaonyesha asilimia 20 au 30, betri inakuaga. Usiipeleke safari ya kazi.

Nne ni mtandao wa kuja na kuondoka. Simu inayotafuta mnara bila kukoma hula chaji na kupata joto. Ukiingia eneo lisilo na mtandao, iweke katika hali ya ndegeni. Fomu za kukusanyia taarifa bado zitajazwa bila shida.

IKIGANDA UFANYE NINI

Chomoa chaji, vua kava, kaa kivulini, uiache ipoe. Usiitie kwenye maji wala kuiweka kwenye jokofu. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia kwa sekunde 10 hadi 30. Aina nyingine zinataka ubonyeze pamoja na kitufe cha kupunguza sauti. Zamani tulikuwa tunachomoa betri, siku hizi betri nyingi zimefungiwa ndani, na njia hiyo ndiyo iliyochukua nafasi yake. Kuzima na kuwasha namna hii hakufuti fomu ulizokwisha kuzihifadhi. Mimi sikuijua, na huenda ingeniokoa.

Kinachofuta ni kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, kuondoa programu ya fomu, au kufuta data za programu hiyo kwenye mipangilio. Mambo hayo matatu msiyaguse, na msimruhusu fundi ayaguse, kabla ya kuzungumza na ofisi. Tena kabla ya kumkabidhi fundi simu, toa laini yako ubaki nayo.

Kuhusu laini nina jambo la kuwaambia. Siku ile nilidhani pesa yangu imegandia ndani ya simu. Kumbe pesa haikai ndani ya simu, iko kwenye akaunti inayofuata laini. Kijana wa bodaboda alikuwa na kitochi. Ningeweka laini yangu kwenye kitochi chake, nikapiga *150*00# kwa kuwa natumia M-Pesa, nikaingiza namba ya siri mwenyewe na kumlipa pale pale. Nilikopa nikiwa na pesa. Tunzeni kile kifremu cha plastiki kilichokuja na laini, maana laini ndogo haikai vizuri kwenye kitochi bila hicho.

KABLA YA SAFARI

Jioni ya kuamkia safari fanya haya. Hamisha picha na video kwenye kompyuta ya ofisi, kisha zifute kwenye simu. Zima ile hali ya video kujishusha zenyewe. Izime simu na kuiwasha. Andika kwenye karatasi namba tano, yaani ya mwenyekiti wa kijiji, dereva, ofisi, mwenzako wa kazi na nyumbani. Ukiwa na kitochi cha zamani, kichaji na ukibebe.

Ukiwa kazini, usikae na fomu hadi mwisho wa safari. Kila jioni tafuta mahali penye mtandao, hata ikibidi kupanda kilima, uzitume. Na kila unayemwandika kwenye simu, mwandike pia kwenye daftari: jina, kitongoji na namba ya fomu, basi. Namba za vitambulisho na habari za ugonjwa zisiandikwe humo, kwa sababu daftari nalo huweza kuokotwa.

Wapo watakaosema hii ni kazi mara mbili. Ni kweli, inaongeza dakika moja kwa kila kaya. Kwa kaya zangu 63 ingekuwa saa moja na dakika tatu. Mimi nilirudi kwa siku mbili, nikatumia nauli ya mradi, na watu 63 waliitwa kuacha shamba kwa mara ya pili. Pigeni hesabu wenyewe.

Kaya zile 6 nimeziweka juu kabisa ya orodha ya awamu ya pili. Majina yao yako kwenye simu, yako ofisini, na yako humu kwenye daftari nililoshika. Mezani pale kuna madaftari, moja kwa kila kijiji. Kila mmoja achukue la kwake kabla ya chai, na tukirudi tutafungua simu zetu pamoja tuone nani amebakiwa na nafasi kiasi gani.