HERUFI ILIYOTUPONZA ZIZINI

(Mazungumzo kwa wanakisomo)



Mwaka jana kikundi chetu kilijenga zizi la mbuzi. Zizi lenyewe ni la mviringo. Upana wake, ukipitia katikati, ni mita 14. Tukaambiana, "Zidisha kwa tatu, basi!" Tukanunua wavu wa mita 42, pamoja na wa mlango. Tulipouzungusha, zikabaki wazi mita 2. Tukaziba kwa miiba. Usiku fisi akapita papo hapo. Tukapoteza mbuzi wawili.

Je, tulikosea wapi?

Hatukuijua herufi moja ya Wagiriki. Inaitwa pai. Huandikwa hivi: π. Ni kama vijiti viwili vimesimama, na kimoja kimelala juu yake. Kwa Kigiriki hiyo ndiyo p, kama p ya "paka". Watoto wa Ugiriki wanajifunza kuiandika mpaka leo. Tena ndiyo inayoanza neno lao la mzingo, yaani urefu wa kulizunguka duara.

Mwaka 1706 William Jones, mtu wa Wales, aliitumia kitabuni kuwa alama ya hesabu ya duara. Lakini hesabu yenyewe ni ya kale. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Archimedes wa mji wa Syracuse alionyesha kuwa mzingo ni upana mara tatu na kitu kidogo. Liwe duara la kikombe au la gurudumu, ni hivyo hivyo.

Hebu tujaribu. Chukua sufuria. Pima upana wa mdomo kwa uzi, kisha ukate. Zungusha uzi huo ukingoni. Utaingia mara tatu, halafu litabaki pengo dogo. Pengo hilo ndilo lililompitisha fisi!

Basi tushike kanuni hii: zidisha upana kwa 22, kisha gawanya kwa 7. Kwa zizi letu:

14 × 22 = 308
308 ÷ 7 = 44

Mita 44, siyo 42! Wataalamu wana hesabu iliyo sahihi zaidi, lakini kwa zizi, kisima au kihenge hii yatosha kabisa.

Tumekwisha kuongeza wavu. Mbuzi wanalala salama. Ndugu zetu, kusoma tumejua. Sasa tupime kabla ya kununua.