Kubisha Mashua

Nilinunua mashua ndogo ya tanga, kuukuu, nikaanza kujifunza kuiendesha katika Ziwa Victoria, karibu na Kisumu. Huko asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, alasiri hugeuka. Hilo sikulijua.

Siku moja alfajiri nilitoka na mwanangu. Tulipotaka kurudi, upepo ulitukabili. Nikaielekeza mashua nyumbani moja kwa moja. Tanga likapigapiga tu, nasi tukasukumwa mbali zaidi. Maji yaliingia penye ufa; mtoto akayachota kwa mkebe, huku akilia.

Mzee mmoja mvuvi akapita karibu. Akasema, "Pasta, hakuna tanga liendalo uso kwa uso na upepo. Bisha! Nenda mshazari upande huu, geuza, kisha upande ule." Niliona haya, lakini nilitii. Huku na huku, tukafika.

Ndugu mpendwa, labda wataka kupatana na jirani yako, nawe wamkabili kwa maneno makali, na kila siku mwazidi kuwa mbali. Anza kando: mwamkie, msaidie shambani. Huko si kuiacha safari. Mungu atupe moyo wa kufundishwa. Amina.