Rangi ya Kutu na Maji ya Watoto
(Maneno ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika, Ipyana)



Hapa Ipyana hakuna wa kufundishwa habari za kutu. Mvua ya Kyela inapokolea mwezi Machi haiulizi bati lilinunuliwa lini. Ndiyo maana kila bajeti ninayoletewa ina rangi ya kuzuia kutu, na fundi hutafuta ile inayoshika chuma kweli kweli.

Shida ni kile kinachoifanya ishike. Kwa miaka mingi rangi za namna hiyo zilitiwa madini ya risasi au kromati. Viwanda vya ndege navyo vilitegemea kromati na kadimiamu, maana chuma cha ndege kikiliwa na kutu ni hatari ya maisha. Lakini kromati huwaletea wafanyakazi saratani ya mapafu. Umoja wa Ulaya uliweka tarehe 21 Septemba 2017 kuwa mwisho wa kutumia kromiamu trioksidi bila kibali maalumu. Mahali pa kadimiamu, viwanda vingi sasa hupaka zinki iliyochanganywa na nikeli. Kazi haijaisha, zipo sehemu za ndege ambazo bado zinatafutiwa mbadala.

Sasa, ikiwa wenye ndege wanaacha, sisi wenye paa la chekechea tunang'ang'ania nini?

Nakiri kosa langu. Niliwahi kuidhinisha paa la chekechea lipakwe rangi bila kuuliza kopo lina nini, na maji ya paa hilo yaliingia kwenye tangi la kunywa. Nilipouliza, kopo halikuwa na maelezo yoyote. Tuliondoa gata, watoto wakarudi kubeba maji ya kisima. Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo akiimeza hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima.

Kwa hiyo naomba hivi: paa linalovuna maji ya kunywa lisipakwe rangi, likichakaa, tuezeke upya kwa bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki. Kwa mageti na vitanda, tununue kopo lililoandikwa kuwa halina risasi. Rangi ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, watoto wakiwa mbali.

Wahisani wetu, bati ni ghali kuliko kopo la rangi. Mkiliona kwenye maombi ya robo ijayo, tafadhali msilikate.