Mpaini na Mkaratusi: Fuwele Moja, Mbao Mbili

Katika mashamba ya Sao Hill, wilayani Mufindi, hustawi mipaini na mikaratusi. Mpaini huhesabiwa kuwa mbao laini, mkaratusi mbao ngumu. Je, tofauti hiyo inaanzia kwenye selulosi?

Selulosi ilitambuliwa mwaka 1838 na mkemia Mfaransa, Anselme Payen. Ni mnyororo mrefu wa glukosi. Minyororo hiyo hulala sambamba, ikashikana, ikawa fuwele yenye upana wa nanomita 3 hivi. Zipange fuwele hizo ubavu kwa ubavu: zaidi ya laki tatu zitaenea katika milimita moja!

Mwaka 1984, Rajai Atalla na David VanderHart walionyesha kuwa selulosi ya asili ina fuwele za aina mbili, alfa na beta. Alfa hutawala katika bakteria na baadhi ya miani. Beta hutawala katika miti. Kwa hiyo mpaini na mkaratusi, kwa sehemu kubwa, ina fuwele ileile.

Basi tofauti iko wapi? Ichukulie fuwele kuwa nondo, na lignini, dutu inayozishikanisha ndani ya mbao, kuwa zege. Kwa kawaida mpaini una lignini nyingi zaidi. Nyuzi zake hufikia milimita 3 hivi. Za mkaratusi ni kama milimita 1. Ndiyo maana mpaini hutoa karatasi imara ya mifuko, na mkaratusi karatasi laini ya kuandikia.

Lakini mti ukiinama, mambo hubadilika. Miti mingi ya mbao ngumu hujivuta kwa upande wa juu: huko hujenga tabaka la selulosi karibu tupu, fuwele zake nene, zimenyooka kufuata urefu wa uzi. Mpaini hujisukuma kwa upande wa chini: huongeza lignini, hupunguza selulosi, na fuwele hulala mshazari.

Fundi, hapo ndipo penye hasara yako. Ubao uliotoka upande huo wa chini, ukikauka, hufupika kwa urefu kuliko kawaida, kisha hupinda. Kabla ya kununua, tazama kichwa cha gogo: kiini kikiwa pembeni, na pete za upande mmoja zikiwa pana na zenye rangi iliyokoza, tafuta jingine.